Kadi Kabla ya Kazi

Zabloni Kyando alifungiwa ndani ya kontena saa nne na dakika sita asubuhi, mzima wa afya, brashi mkononi, na mtu aliyeficha mabuti yake alikuwa Lukelo Mgaya.

Aliyaficha kwa utani. Zabloni alikuwa Mkinga, Lukelo Mbena, na tangu wakutane nje ya geti la bandari kavu, kilomita tatu kutoka Makambako mjini, hawakuwahi kusalimiana kama watu wenye akili zao. Zabloni akimkuta Lukelo amejikunja juu ya tairi bovu alilolifanya kiti, humuuliza kama amekuja kufia pale ili watani wapate shughuli. Lukelo humjibu kwamba Mkinga akifa hazikwi, anauzwa kwa kilo. Hapo siku inakuwa imeanza.

Basi asubuhi ile Lukelo aliona mabuti ya mpira ya mwenzake yamesimama mbele ya mlango wa kontena namba tatu. Akayabeba, akayasukuma chini ya meza ya Mama Anyesi, mama lishe, nyuma ya gunia la mkaa, akarudi kwenye tairi lake kusubiri matusi.

Hakujua maana ya yale mabuti. Waosha makontena walikuwa na desturi yao: anayeingia kuosha huacha viatu mlangoni, na nyapara wao, Msigwa, kabla ya kuwasha mtambo hupita akitazama chini. Viatu vipo, mtu yumo. Viatu havipo, ametoka. Jambo hilo halikuandikwa popote, na Lukelo hakuwahi kuosha kontena hata moja. Kuosha ilikuwa kazi ya nje ya geti, kazi ya wasio na kadi, na yeye kadi alikuwa nayo.

Msigwa akapita. Akatazama chini. Akabonyeza.

Mlango wa namba tatu ukajifunga taratibu, kama mlango wa ofisi ya mkubwa. Mkono wa mtambo ukashuka, ukachomeka sili kwenye komeo, ile pini nene ya chuma yenye namba ambayo ikishaingia haitoki mpaka ikatwe. Bomba likajibandika ubavuni na kuanza kupuliza, na likishaanza halizimwi mpaka limalize. Kila kontena lililooshwa lilifungwa papo hapo, likiwa tupu, asije mjanja akatia magendo humo, kisha likajazwa naitrojeni ili wadudu wafe wote kabla ya maparachichi kupakiwa. Mdudu hafi kwa sumu hapo. Anafa kwa kukosa oksijeni, na mtu pia.

Kisha wakasikia kugonga.

Mwanzoni watu walicheka. Wanaume thelathini na nane walikuwa wamekaa pale nje wakisubiri kuitwa kazini, na wote walidhani Zabloni anafanya vituko vyake. Lukelo alicheka kuliko wote. Halafu akaona uso wa Msigwa, namna ulivyopoteza rangi kama nguo iliyotiwa jiki, na akaacha kucheka.

"Mabuti yake yako wapi?" Msigwa aliuliza. Hakumuuliza mtu fulani.

Lukelo alikuwa keshainuka, keshachukua nyundo ya kilo tano iliyokuwa imeegemezwa kwenye nguzo, na alikuwa anakimbia. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mwili wa mtu aliyepasua magogo tangu alipoacha shule darasa la tano, na ile sili aliona ni ya mapigo kumi. Akasimama mbele ya mlango, akatanua miguu, akainua nyundo juu ya bega.

Mikono ikafa.

Haikuuma. Ingeuma ingekuwa afadhali. Ilizimika tu kuanzia begani, nyundo ikaanguka ikamkosa mguu kwa inchi moja, na mikono yake miwili ikaning'inia kama mikono ya shati lililoanikwa. Akaitazama. Akaiambia moyoni iinuke, ikabaki vilevile. Aliporudi nyuma hatua tatu na kuacha kuifikiria sili, ikamrudia, vidole vikichezacheza, mizima kabisa.

Aliambiwa kwamba ingekuwa hivyo. Aliambiwa siku ile ya kuchukua kadi, na alitia saini.

Iliitwa kadi kwa mazoea tu. Zamani ilikuwa kadi kweli, ya plastiki, ya kuning'iniza shingoni. Siku hizi ilikuwa punje ndogo kuliko ya ulezi, iliyochomekwa chini ya ngozi ya shingo, nyuma, panapopita amri zote zinazotoka kichwani kwenda mikononi na miguuni. Ilianza kupandwa baada ya miaka ya wizi mkubwa wa mizigo relini. Mwenye kadi hawezi kufungua kilichofungwa kwa sili. Hawezi kukipiga, hawezi kukitoboa, hawezi kumshika mwingine mkono ili afanye hivyo. Punje haiangalii mkono unafanya nini. Inasikia mkono umetumwa kufanya nini. Dawa yake ni moja: ruhusa ya mwajiri. Mwajiri akisema fungua, mikono inafungua.

Na wale thelathini na nane hawakuwa na mwajiri.

Hapo ndipo palipokuwa na ujinga, na ulikuwa ujinga wa wote. Sheria ilisema upate kazi kwanza, halafu mwajiri akuombee kadi. Lakini pale getini maneno yalienea kwamba wakuu wa reli wakitoka kuchagua watu huwachukua wenye kadi tayari, kwa kuwa kumsubiri asiye nayo ni wiki sita. Mmoja akaenda mjini kujichomesha, akaitwa kazini kesho yake. Wa pili naye akaenda. Mwishowe, aliyekuja bila kadi alionekana hana nia ya kazi. Lukelo alikwenda mwezi wa tatu. Tangu siku ile, miezi saba, hakuitwa.

Kati ya waliokuwa wakisubiri kuitwa, ni Zabloni peke yake aliyekataa. "Mimi sinunui tandiko kabla sijamwona punda," alikuwa akisema, na watu wakamcheka kila siku akiingia na brashi yake kwenye makontena.

Sasa wale wenye matandiko walikuwa wanakimbilia kontena mmoja baada ya mwingine. Mtu mmoja mkubwa, aliyewahi kuvunja kokoto, alijaribu kufumba macho na kurusha jiwe. Jiwe likadondoka miguuni pake. Mwingine alijaribu kulisukuma lile komeo la chuma kwa mgongo. Miguu ikamlegea, akakaa chini kama mtoto, akaanza kulia kwa hasira. Wanaume thelathini na nane wenye nguvu zao walisimama kulizunguka kontena moja, mikono inaning'inia, na ndani mtu anagonga.

Kugonga kwa Zabloni kulikuwa kwa mpangilio: mara tatu, kimya, mara tatu. Bado alikuwa na akili.

Msigwa alikuwa na kadi na alikuwa na mwajiri. Alikuwa keshampigia mwajiri simu kuomba ruhusa, ameiweka sauti juu ili wote wasikie, labda kwa kuwa hakutaka kubeba peke yake atakachosikia. Iliyojibu ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu, ya mashine.

Ilimuuliza namba ya kadi ya mtu aliyemo ndani.

"Hana kadi. Ni mwosha makontena."

"Kadi ndani ya kontena namba tatu ni sifuri."

"Mtu yumo. Msikilize, anagonga."

"Kadi ni sifuri. Kontena ni tupu. Ombi la kufungua kontena tupu hujibiwa ndani ya saa sabini na mbili."

Msigwa akarudia. Sauti ikarudia. Akaomba kuongea na mtu, akaambiwa ni mtu wa sita kwenye foleni. Lukelo, ambaye mpaka hapo alikuwa anaamini kwamba mahali fulani, katika jengo fulani, kuna binadamu anayetazama mambo haya, alihisi kama ardhi imesogea. Mtambo ulikuwa unahesabu kadi. Haukuwahi kuhesabu watu, na hakuna aliyejua, kwa sababu siku zote yaliyookoa maisha ya waosha makontena ni mabuti.

Asubuhi ile hapakuwa na mwosha mwingine zamuni, na Mama Anyesi alikuwa mtu pekee pale mwenye mikono yake mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na nane, mwembamba, mwenye pumu ya moshi wa mkaa. Hakuna aliyemwita. Aliacha sufuria ya maharage jikoni, akaja akifunga khanga kiunoni, akaiokota ile nyundo. Aliinua mpaka kifuani, hakuweza zaidi ya hapo. Akapiga. Nyundo iliteleza. Akapiga mara ya pili, ya tatu, ya nne, na kila pigo lilimvuta yeye badala ya yeye kulivuta. Akaenda kwenye bomba, akalishika kwa mikono miwili, akaning'inia. Pete ya chuma iliyolibana haikutikisika. Akarudi kwenye nyundo. Sili ilikuwa na mkwaruzo mmoja, mdogo kama wa ukucha.

"Sina nguvu hizo, jamani," alisema huku akihema. "Mna mikono kazi yake nini?"

Ndani, kugonga kulikuwa kumebadilika. Sasa ilikuwa mara mbili, kisha kimya kirefu, kisha mara moja.

Lukelo alimtazama yule mama, halafu akatazama nyuma yake, kwenye nguzo ya kibanda chake, palipobandikwa karatasi ndani ya nailoni. Leseni ya biashara ndogo. Jina lake, Sesilia Nyagawa, na namba yenye tarakimu tisa.

"Mama," alisema. "Niajiri."

Mama Anyesi alimwangalia kama mtu anayemwangalia kichaa aliyemzoea.

Lukelo alimweleza kwa maneno machache, huku akimvuta kwenda kwenye meza. Mwenye leseni yoyote ni mwajiri. Sheria haidai awe mkubwa wa reli. Atie namba kwenye simu, atie na namba ya kadi yake Lukelo, aweke dole gumba, amwambie kwa mdomo wake afungue. Mikono itafanya kazi. Ilikuwa imeandikwa. Wenzake wengi walitia saini bila kusoma, lakini Lukelo, kwa kuwa kusoma kulimpa taabu na aliona aibu ya taabu hiyo, alisoma karatasi zote nne, kidole kikifuata mstari, karani akipiga miayo mbele yake.

Na kwa kuwa alisoma, alikijua kifungu cha tisa.

Kifungu cha tisa kilisema kwamba kila sili itakayofunguliwa na mikono ya mwajiriwa imefunguliwa na mwajiri. Mwajiriwa hana kosa. Mikono si yake wakati huo. Anayeshitakiwa ni mwenye dole.

Mama Anyesi aliitoa simu kwenye sidiria, akaiwasha, vidole vyake vyenye unga vikitafuta tarakimu. Lukelo alimsomea namba kutoka kwenye nguzo, kisha namba yake mwenyewe. Maandishi yakajaa kwenye kioo, madogo, mengi, yakishuka. Mama aliisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu. Miwani yake ilikuwa nyumbani. Huyu alikuwa mwanamke anayelea wajukuu wawili, watoto wa marehemu binti yake, kwa maharage na ugali, na mtu asiyejua kusoma vizuri huwa anajua namna ya kuogopa maandishi.

"Yanasema nini haya yote? Kuna neno hapo?"

Watu waliosimama pale wanakumbuka kwamba Lukelo alinyamaza. Si sana. Muda wa mtu kumeza mate. Ndani ya muda huo aliona mambo mawili, na yote aliyaona wazi. Aliona kwamba akimwambia, huyu mama ana haki ya kukataa, na anaweza kukataa, na atakuwa hajakosea. Na aliona mabuti nyuma ya gunia la mkaa, pale pale miguuni pao, visigino vimechomoza.

Kule kwenye kontena hapakuwa na kugonga tena.

"Hakuna neno, mama," Lukelo alisema. "Weka dole."

Akaweka.

"Sasa niambie nifungue."

"Fungua," Mama Anyesi alisema, na simu ikarekodi sauti yake. "Fungua, mwanangu, upesi."

Ilikuwa kama mtu mwingine ameingia kwenye mabega yake. Joto lilishuka mpaka kwenye ncha za vidole. Alikimbia, akaiokota nyundo, ikainuka nyepesi. Alipiga mapigo tisa. La tisa lilikata sili na kuvunja kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto, naye hakujua mpaka jioni. Mlango ulipofunguka, hakuna aliyeruhusiwa na mwili wake kusogea zaidi ya Lukelo, kwa hiyo ni yeye aliyeingia, akiwa amebana pumzi, akamvuta Zabloni kwa kwapa. Hakuwa amelala katikati. Alikuwa amejikunja kwenye kona ya mlango, mdomo ameubandika kwenye mpira wa mlango wa kuzuia hewa, na mpira wenyewe alikuwa ameutafuna.

Midomo yake ilikuwa ya bluu. Mama Anyesi alipiga magoti, akamfuta povu kwa khanga, akaanza kumpulizia pumzi zake mwenyewe, zile za pumu. Saa nne na dakika kumi na saba Zabloni alikohoa.

Thelathini na saba wakapiga kelele za furaha. Lukelo alikaa chini. Alimsubiri mtani wake amtukane. Zabloni alifungua macho, akamtazama moja kwa moja, kwa upole, kama mgeni anavyomtazama mtu aliyempisha kiti.

*

Baraza la Ofisi ya Sili lilikaa wiki tano baadaye, katika chumba chenye viti vya plastiki na picha za treni ukutani. Walikuwa watu watatu, na hawakuwa wakali. Hilo ndilo lililomshtua Lukelo kuliko yote. Walimpa Mama Anyesi pole kwa safari. Walisema kitendo chake kilikuwa cha utu. Kisha wakamwekea sauti yake mwenyewe: fungua, mwanangu, upesi. Wakamsomea kifungu cha tisa.

Mama Anyesi aliomba wakisome tena. Wakasoma tena, taratibu zaidi.

Lukelo alijitokeza akasema kosa ni lake, mabuti aliyaficha yeye, nyundo aliishika yeye. Mwenyekiti alimweleza kwa subira kwamba kuficha mabuti si kosa la sili, na kwamba kwa sheria nyundo haikushikwa naye. Alimwomba akae.

Walipopewa dakika za kupumzika, Mama Anyesi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mkoba magotini. Lukelo alisimama mbele yake. Alikuwa ameandaa maneno tangu Makambako, lakini mama alimwahi.

"Ulikijua hicho kifungu?"

"Nilikijua."

"Siku ile? Pale nilipokuuliza?"

"Siku ile, mama."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepokea bei aliyoitegemea. Akatazama malori barabarani.

"Ungeniambia, labda ningeweka dole vilevile," alisema. "Nimejiuliza usiku kucha tangu wanitumie barua. Najiona kama ningeweka. Lakini sijui, Lukelo. Sitajua mpaka nakufa. Watu wananiita shujaa na mimi sijui kama ni mimi niliyefanya au umenifanyia wewe."

Lukelo alisema alikuwa anaogopa muda. Kwamba Zabloni alikuwa anakufa.

"Najua alikuwa anakufa. Nami nilikuwepo," Mama Anyesi alisema, akasimama, kwa kuwa walikuwa wanaitwa ndani.

Zabloni Kyando hakufa. Alipoteza majina: la mkewe, la kijiji chake, la mtani wake, na karibu kila jina alilowahi kulijua, na mkono wake wa kulia hutetemeka kiasi kwamba hulishwa. Mama Anyesi alifungwa miezi kumi na minne na kunyang'anywa leseni ya tarakimu tisa, na wajukuu wake wawili waligawanywa, mmoja Njombe kwa shangazi, mwingine Mafinga kwa watu ambao si ndugu. Msigwa alihamishiwa mstari mwingine wa makontena. Sili iliyovunjwa ilibadilishwa siku ile ile mchana, na kontena namba tatu likapakiwa maparachichi. Lukelo alipoteza kidole kimoja, ambacho hakikuunga. Wale thelathini na saba waliendelea kukaa getini. Kumi na moja waliitwa kazini mwaka ule.

Na kuna hesabu moja ambayo hakuna baraza lililoiuliza. Lukelo aliifanya mwenyewe, nyumbani, karatasi mezani na saa ya ukutani mbele yake. Alikisoma kifungu cha tisa chote kwa sauti, kwa kidole, kwa mwendo wake wa darasa la tano, kama ambavyo angemsomea mama pale mezani. Alirudia mara tatu ili awe na uhakika.

Ilikuwa sekunde kumi na tisa.